Galado Lisilonguruma

Haidari Bushiri hakuwa fundi wa macho. Mafundi wengine wa Bungu, gari likiingia gereji, hufungua boneti kwanza wakainamia. Yeye huvuta kibao chake akaketi, akamwambia dereva, "Washa, halafu usinisemeshe." Akishasikiliza kiasi cha kumtosha, huchukua bisibisi yake ndefu ya mpini wa mti, ncha akaigusisha kwenye injini na mpini akauegemeza sikioni, ametulia kama mtu anayepewa siri. Kisha hutaja ugonjwa. Madereva wa malori ya Lindi na Mtwara walimwita Daktari. Wenye utani walimwita Sikio, naye aliitikia yote mawili.

Sikio hilo lilifunzwa na gari moja tu, nalo liliitwa Galado.

Galado lilikuwa gari la mashindano. Waliolitengeneza huko ng'ambo walilipa jina hilo na mwili wa kufanana nalo: milango miwili, fupi, limelala chini kama mjusi kwenye jiwe, rangi yake ya chungwa. Mzee Twalibu, mfanyabiashara wa korosho wa Kibiti, alilinunua kwa mtu wa Dar es Salaam aliyechoka kushindana, akalileta kwenye barabara ambayo siku zile ilikuwa mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Watu walimcheka. Lakini lilipowaka, hakuna aliyebaki akicheka. Lilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka mezani kwenye mgahawa. Likiwa bado kijiji cha Jaribu, watu wa Bungu walikwisha kulisikia, na akina mama walikuwa wakiwaita watoto watoke barabarani kabla hata vumbi halijaonekana. Haidari, kijana aliyetoka sekondari bila kujua aende wapi, ndiye aliyepewa kulihudumia. Alijifunza kila mlio wake, wa njaa, wa joto, wa kuchoka, na ule wa furaha tupu linapopata ardhi ngumu baada ya mchanga mrefu.

Galado ndilo lililompeleka kwa Mwanamkuu. Siku hiyo alikuwa amempeleka Mzee Twalibu Nyamisati, na pale gatini palikuwa na mashua iliyotoka Mbwera na boriti za mikoko. Msichana mmoja alikuwa amesimama juu ya boriti, mikono kiunoni, akiwaamrisha kaka zake. Haidari akapiga resi kidogo, kwa makusudi.

"We mwenye gari!" msichana akamwita. "Hilo linalia njaa au linajisifu?"

"Linajisifu," Haidari akajibu. "Na wewe?"

"Mimi nikijisifu utakimbia."

"Hebu jaribu."

Mwanamkuu akainua kichwa, akapiga kigelegele. Haidari alizoea kusimulia kwamba ndege waliruka ng'ambo ya mto, na kila aliyewahi kumsikia Mwanamkuu hakubisha. Kigelegele chake kilianza chembamba, kikapanda, kikakaa huko juu muda ambao mtu mwingine angekuwa ameshazimia kwa kukosa pumzi. Haidari hakukimbia. Mwaka uliofuata walioana.

Mzee Twalibu alipofariki, wanawe waliliuza gari kama chuma chakavu, na aliyelichukua ni Haidari. Tangu hapo hakuna bibi harusi wa Bungu au Dimani aliyeona ameolewa kikamilifu kama hakupandishwa Galado. Bibi harusi alikaa nyuma, amejikunyata. Mbele alikaa Mwanamkuu, kioo kimeshushwa, kichwa nje. Haidari alikanyaga mafuta, Mwanamkuu akapiga kigelegele, na sauti hizo mbili zikatembea pamoja juu ya mikorosho, moja nzito, moja kali, hata wazee waliokuwa wamelala wakaamka wakiuliza nani anaoa.

Mwanamkuu alifariki kwa maradhi ya ghafla, masika moja yenye mafuriko. Muda si mrefu giaboksi ya Galado nayo ikavunjika, na giaboksi ya kufanana na ile haikupatikana popote. Haidari akalisukumia bandani. Lakini kila Ijumaa akitoka msikitini alilifunua turubai, akaliwasha, akaketi pembeni akalisikiliza. Lilinguruma vile vile. Haliendi popote, lakini linanguruma. Maneno, fundi mwenzake, kijana aliyewahi kufanya kazi Temeke na aliyerudi na maneno ya huko, alikuwa akisimama mbali mpaka lizimwe. Mambo mengine yote alimtania Haidari. Hilo hakuligusa.

Basi mwaka huu Sabra, mtoto wa pekee wa Haidari na Mwanamkuu, aliyeolewa Nyamisati na aliyekuwa ameungoja uzazi kwa miaka mingi, akajifungua mtoto wa kike. Alitaka kumwita Mwanamkuu.

Kwao jina la marehemu halichukuliwi tu. Hutolewa. Aliyeachwa na marehemu, awe mume, mama au dada, ndiye hulitoa kwa kinywa chake siku ya saba, mtoto akiwa mikononi mwake. Asipolitoa, haliitwi, na wazee wanaamini kwamba mtoto aliyepewa kwa nguvu huliugua jina lile mpaka libadilishwe. Kwa hiyo Sabra alimpigia simu baba yake siku moja kabla.

"Baba, kesho ndiyo siku ya saba."

"Najua."

"Njoo umpe jina la bibi yake."

Haidari akauliza, "Analia?"

"Baba!"

"Nimeuliza. Analia?"

"Alipodungwa sindano alilia. Kidogo. Nesi amempima masikio, amempima kila kitu, anasema mzima kabisa. Ni mpole tu. Anatazama."

"Mama yako alipozaliwa, Mbwera nzima ilijua. Jina lile ni zito, mwanangu. Haliendi kwa mtoto wa kunong'ona. Litamwelemea, na watu watakuwa wakimwangalia wakimtafuta mama yako, wasimwone."

"Watu, au wewe?"

Haidari alisikia Sabra akivuta pumzi.

"Mama mkwe ana jina lake tayari," Sabra akasema. "Warda. Baada ya swala ya alasiri, kama hujafika, ataliita hilo. Ni jina zuri. Lakini ukiliacha la mama lipite hapa, Baba, halitapata mahali pengine. Na mimi sitakuomba tena."

Usiku ule Haidari hakupata usingizi wa maana, na asubuhi aliingia gereji bila kunywa chai. Hakuwa amesema ataenda. Hakuwa amesema hataenda. Baada ya swala ya adhuhuri alikuwa akisafisha plagi ambazo tayari zilikuwa safi aliposikia Maneno akimwita kutoka nje.

"Mzee Haidari! Toka uone. Ndugu yake Galado amekuja mjini!"

"Ndugu gani?"

"Njoo usome mwenyewe hapo nyuma."

Haidari akatoka, na kilichomshtua kwanza ni kwamba gari lilikuwa limekwisha fika. Limesimama hatua chache kutoka mlangoni kwake, kubwa, refu, jeupe kama yai, na sikio lake halikumwambia kitu. Hilo halikuwahi kumtokea katika umri wake wote wa ufundi. Alilizunguka polepole. Nyuma, kwa herufi za fedha, zile zile zilizolala kwa mteremko kama zinakimbia, palikuwa pameandikwa GALADO.

Mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio wa zambarau alishuka. "Shikamoo, mzee. Naitwa Faudhia. Nakwenda Nyamisati, nina boti ya Mafia leo. Kuna kitu kinaburuza huku chini tangu nilipopita pale kwenye matengenezo ya barabara."

"Marahaba, mwanangu. Washa nisikie."

"Limewaka, mzee."

"Nasema washa."

"Limewaka," Faudhia akarudia kwa upole.

Haidari akamtazama kama mtu anayeogopa kuwa anafanyiwa mzaha. Akainama akasikiliza. Akawasikia kuku. Akasikia redio ya mgahawa ng'ambo ya barabara. Akachukua bisibisi yake, akaomba boneti ifunguliwe, na ilipofunguka akabaki na bisibisi mkononi. Ndani hamkuwa na injini. Mlikuwa na sanduku safi, na ndani ya sanduku begi la nguo na maboksi mawili ya biskuti.

Maneno akajishika tumbo. "Dokta, mgonjwa wako huyu anatembelea biskuti!"

"Nyamaza, Maneno."

"Ni la umeme," Faudhia akaeleza, naye akijizuia kucheka. "Betri iko chini, sakafuni, gari zima. Biskuti ni za shangazi zangu."

Maneno aliingia chini akakuta bamba la plastiki linalokinga tumbo la gari limekatika vishikizo upande mmoja. Kazi ndogo. Haidari alichonga vipande vya mpira wa tairi, wakalifunga kwa bolti na waya. Kazi ilipokuwa ikiendelea, hakuweza kujizuia kupitisha kiganja juu ya zile herufi.

"Nami ninalo," akasema. "Lile lenyewe. Liko bandani."

Faudhia akasimama wima. "Galado la zamani? La mashindano?"

Alimpeleka. Haidari akafunua turubai, na yule mama akaweka mkono kinywani. Akasema baba yake, marehemu sasa, alikuwa akiwapeleka watoto wake kando ya barabara mashindano yakipita, akiwaambia wazibe masikio halafu wasizibe. "Hakuwahi kulipanda hata siku moja. Alilitazama likipita, basi. Nilipoona hili jipya limepewa jina lile, nikajua ndilo nitakalonunua. Rafiki zake wanaolijua lile la zamani wamenikasirikia. Wanasema limeibiwa jina. Eti nyumba yenye magurudumu, bubu, wameipachika jina la chui."

"Waliotengeneza hili la kwanza, wapo hai?"

"Kampuni ipo ile ile. Watu wale, sidhani."

"Sasa jina alilitoa nani?"

"Ni lao, mzee. Lilisajiliwa."

"Kusajili ni jambo la ofisini," Haidari akasema. "Nauliza mtu. Mtu aliyelipenda lile la kwanza, aliyesimama akasema, haya, jina hili sasa chukueni. Alikuwapo?"

Faudhia akafikiri kwa dhati kabisa, kama aliyeulizwa jambo la kweli. "Sijui, mzee. Labda hakuwapo. Labda ndiyo maana wana hasira."

Bamba lilipokazwa, ilibidi gari lijaribiwe. Haidari hakuwahi kuliachia gari litoke gereji bila kulipanda na kulisikiliza. Akaketi mbele, ovaroli lake juu ya kiti cheupe, akiomba radhi kwa mafuta, na Faudhia akaingia barabara ya vumbi ya kwenda Nyamisati.

Mwanzoni Haidari alisikiliza kuburuza tu. Hakukuwa na kuburuza. Akangoja sauti iliyo chini ya hapo, maana siku zote kuna sauti chini ya sauti. Akaikosa. Kisha vitu vingine vikaanza kumfikia kimoja kimoja, kama watu wanaoingia mahali ambapo kelele imekoma. Mchanga ulikuwa ukisagika chini ya matairi, na aliweza kujua mchanga wa juu wa kiangazi na ule mgumu wa chini. Mnazi ulipiga makuti. Tetere walikuwa wakiita mikoroshoni. Mama mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga barazani, Haidari alisikia chenga zikianguka kwenye ungo, naye yumo ndani ya gari linalokwenda! Mbuzi walikuwa wamelala njiani na hawakujua. Ilibidi Faudhia asimame awaombe wapishe. Barabara hii alikuwa ameipita maisha yake yote. Hakuwa ameisikia.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo.

"Hujaona bado," Faudhia akasema. Mbele palikuwa na kipande kilichonyooka, kipana, hakuna mtu. "Jishikilie, mzee."

Akakanyaga. Haidari alijua mwendo. Alijua kujishika, alijua namna gari linavyokusanya nguvu, linavyolalamika kwanza, linavyobadili gia na kukupa muda wa kujiandaa. Hili halikujiandaa. Mgongo wake ulinata kwenye kiti kama umesukumwa na kiganja kikubwa, mikorosho ikawa ukuta mmoja wa kijani, na katika mwendo huo wote hapakuwa na kelele ila upepo. Lile la chungwa, siku za ubora wake, lisingeliona hili hata mkia. Faudhia alipopunguza, Haidari alijikuta ameshika bisibisi yake kwa mikono miwili kifuani.

"La ilaha illallah. Mwanangu, hii nguvu ilikuwa wapi?"

"Ilikuwapo muda wote. Haipigi kelele tu." Faudhia alikuwa akicheka kama msichana. "Ngoja, kuna kitu. Waliweka kwa ajili ya watu kama wewe na baba yangu." Akagusa kioo cha kwenye dashibodi.

Mngurumo ukajaa ndani ya gari.

Haidari akaruka. Ulikuwa wenyewe. Ule mnguno wa chini, ule mkwaruzo wa kupanda, watengenezaji walikuwa wamelirekodi Galado la kweli mahali fulani na kulitia kwenye spika. Moyo ulimwenda mbio. Kwa dakika ile alikuwa na miaka ishirini na tatu, kioo kimeshushwa, na pembeni yake kuna mtu ametoa kichwa nje. Aligeuka. Alimwona Faudhia. Na gari lilikuwa likienda taratibu sana, likipanda kilima kidogo, huku mngurumo ule ukidai kwamba linakimbia. Sikio lake, ambalo halikuwahi kumdanganya, likamwambia sauti ile haikutoka popote. Hakuna chuma kilichokuwa kikiitoa. Ilikuwa kilio cha mtu mwingine kilichovishwa mtu aliye kimya.

"Zima, mwanangu," akasema. "Tafadhali."

Faudhia akazima. "Nimekukumbusha vibaya?"

"Hapana. Unalionea." Akakaa akisikiliza mchanga ukirudi, na tetere. "Liache lilivyo. Lenyewe linatosha."

Alipokwisha kusema maneno hayo aliyasikiliza yakikaa hewani mle ndani. Akageuza uso dirishani. Walikuwa wamevuka Bungu mbali sana kwa gari la kujaribiwa, na Faudhia akapunguza mwendo, akauliza wageuzie wapi.

"Usigeuze," Haidari akasema. "Twende Nyamisati. Adhana ya alasiri haijaadhiniwa, sivyo?"

"Bado. Una nini Nyamisati?"

"Mjukuu." Akanyoosha kidole mbele. "Kanyaga kidogo, mwanangu. Pale panaponyooka."

Hakuna aliyesikia wakifika. Palikuwa na wanawake wengi barazani kwa Husseini, mume wa Sabra, wametandika mikeka, ubani umekwisha washwa, na swala ilikuwa imetoka muda huo huo. Mama mkwe wa Sabra alikuwa na mtoto mapajani, amenyolewa kichwa kinang'aa. Gari kubwa jeupe lilisimama mbele yao kama limeota pale, na mzee mwenye ovaroli lenye mafuta akateremka na bisibisi mkononi.

"Jamani," mama mkwe akasema, "babu mtu amekuja kutengeneza mtoto?"

Baraza zima likaangua kicheko. Haidari mwenyewe akacheka, akampa Faudhia bisibisi amshikie. Husseini akamletea kanzu, akaivaa juu kwa juu, akanawa mikono. Sabra hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, khanga imembana kifua, akimtazama baba yake usoni na hathubutu kuuliza.

"Mkwe wangu," Haidari akasema, "nimechelewa?"

Yule mama akamwangalia Sabra kwanza, kisha yeye. "Nilikuwa nimeshafungua kinywa," akasema. "Nimekifunga. Mchukue mjukuu wako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumshika. Mwepesi kuliko alivyodhani, na macho yote wazi. Hakulia kwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, wala kwa ndevu, wala kwa harufu ya dizeli. Alitazama tu. Haidari hakujua afanye nini na kimya kile, kwa hiyo alifanya alichokijua. Aliinama, akaliweka sikio lake juu ya kifua cha mtoto.

Wanawake wakangoja. Husseini akangoja. Mzee alikaa vile muda mrefu, amefumba macho, kama anavyokaa juu ya injini. Ulikuwa ukienda kasi, ule moyo, kasi mno kuliko mashine yoyote aliyowahi kuisikiliza, na haukukosa hata pigo moja. Ndani ya kile kifua kisichozidi kiganja chake kulikuwa na nguvu ya kwenda maisha mazima, na kelele hakuna. Alipoinua kichwa machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi na hakuyafuta.

Akasoma aliyopaswa kusoma. Kisha akasema, na sauti yake, ambayo watu hawakuwahi kuisikia ikipanda, ilifika mpaka gatini kwa wapakia boriti:

"Mwanamkuu. Nalitoa mimi, mumewe. Mwanamkuu binti Husseini. Chukua, bibi. Ni lako, ulitumie utakavyo."

Sabra akaziba uso kwa khanga. Vigelegele vikalipuka barazani, vya mama mkwe vikiongoza, kuku wakatawanyika, wanaume gatini wakapiga kelele za kujibu, na Faudhia pale kwenye gari akajikuta naye anapiga, bisibisi juu.

Mtoto hakushtuka. Aligeuza kichwa kidogo kidogo upande ule kelele zilipotoka, akatulia, macho makubwa, kinywa wazi.

"Mbona halii jamani?" mwanamke mmoja akauliza.

"Anasikiliza," Haidari akasema. "Mwacheni."